Nimewajua kwa Visogo Vyao

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Na ninyi vijana, hamjambo? Nilipoitwa nije kuzungumza hapa Bagamoyo, niliambiwa nieleze "nilivyopiga muziki na mastaa". Nikacheka peke yangu. Mtu akisikia hivyo anategemea nitoe picha, mimi huku, staa kule, tumekumbatiana. Picha ninazo mbili tatu. Katika moja nimekatwa, limebaki bega na kichwa cha gitaa.

Mimi mastaa siwajui kwa sura, ndugu zangu. Sura zao nazijua kama mnavyozijua ninyi, kwenye mabango. Ninachokijua sawasawa ni kisogo. Zaidi ya miaka 30 nimesimama nyuma ya waimbaji, hatua tatu hivi, kushoto kidogo karibu na drams, begani gitaa la rithim, lile la kushikilia mdundo. Sisi Waswahili tunaogopa kumpa mtu kisogo, tukijua huko nyuma atatung'ong'a. Mwimbaji yeye ndiyo kazi yake. Kila usiku anawapa kisogo watu saba wanane, na anawategemea hao hao wasimwangushe.

Mwimbaji wa kwanza mwenye jina niliyempigia, simtaji, alikuwa akinyanyua kisigino cha kushoto kabla ya kuingia kwenye ubeti. Sidhani kama mwenyewe alijijua. Kisigino kikipanda, sauti inafuata. Kikitulia, na zamu ya kuimba imefika, basi maneno yamempotea. Unazungusha tena pale pale mpaka yarudi. Mashabiki hawajui kitu, wanadhani bendi imenogewa.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Usiku wangu wa kwanza niliitwa kuziba pengo, mpiga rithim wao ameshikwa na malaria. Nyimbo zao zote nilikuwa nazijua kutoka redioni, tena kwa kujigamba. Wimbo wa pili nikaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa, peke yangu. Peke yangu! Redioni ubeti pale ulikuwa mmoja. Jukwaani mzee aliongeza wa pili, kumsifia mfanyabiashara aliyekuwa anakuja kumtunza noti moja moja. Mpiga besi alinitazama kama vile nimemwaga futari. Mwimbaji hakugeuka. Alipeleka mkono wa kulia nyuma, mgongoni kwake, akafumba ngumi, akaifumbua, akafumba tena. Watu wakashangilia wakidhani ni madoido. Mimi nikaelewa, rudi. Nikarudi. Tulipomaliza alinipita akielekea kwenye meza yake, akasema, "Kijana, redio tumeizima."

Hakuongeza neno, wala hakunifukuza. Nilikaa kwenye bendi ile miaka minne.

Na hiyo redio yenyewe inahitaji maelezo, maana wengi wenu mmezaliwa studio imeshaingia kwenye kompyuta. Nyimbo za dansi tunazoziita za zamani, nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikuwa inaingia chumbani yote, inapiga yote kwa pamoja, utepe unazunguka. Tarumbeta ikikosea kwenye kibwagizo cha mwisho, hakuna cha kubandika kipande; mnaanza upya, na midomo imeshachoka. Kwa hiyo kilichobaki kwenye utepe ni bendi ile kwa siku ile moja. Wikiendi inayofuata, ukumbini, wimbo ulikuwa umeshabadilika. Ndiyo maana kijana akinisifia kuwa napiga "kama redio", namwitikia asante kwa adabu tu.

Tuje kwenye magitaa. Dansi letu lina solo, lina second solo, lina rithim, lina besi, na kila moja lina nafasi yake. Kijana akishika gitaa anataka solo. Hata mimi nilitaka. Mbaraka Mwinshehe ametuharibu wengi kwa wema wake: mtu anaimba, anatunga, anapiga solo, na akiwa na Morogoro Jazz akafika mpaka Osaka, Japani, kwenye Expo ya mwaka 1970. Amefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, na hadi leo yupo kijana huko Morogoro anaamini yeye ndiye atakayekikalia kiti hicho. Lakini hebu wasikilizeni Les Wanyika, bendi ya Nairobi ya tangu 1978, yenye Watanzania wengi. Kabla hajaimba mtu, kuna rithim inayozunguka. Omar Shabani. Haikimbii, haijigambi, na ukiisikia kwenye daladala hata abiria aliyenuna unaona kidole kinagonga kiti. Jina la mpigaji wangapi wanalijua? Nyoosheni mikono. Nimekwisha litaja, msinidanganye!

Hiyo ndiyo hali ya nyuma. Kule Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Marehemu Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila, na leo konda anaita jina lake tangu alfajiri bila hata kulifikiria. Nafurahi kila nikishuka pale. Ila sijapata kushuka kituo kinachoitwa Kwa Mpiga Besi.

Sasa pesa, maana najua mnaisubiri. Zamani mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Una mshahara wa mwezi, lakini vyombo ni vya mwajiri. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu. Siku hizi vyombo ni vyako na mshahara haupo. Staa ana mkataba, nyuma yake kuna posho, na posho inatolewa usiku wa manane na mtu anayetazama saa. Kuna mwandaaji mmoja alituambia tumsubiri kwenye gari, anakwenda kuchenji. Tulimsubiri mpaka adhana ya alfajiri. Gari lenyewe halikuwa lake.

Msidhani lakini wa mbele wote wanakula asali. Mzee Muhidin Gurumo aliimba kuanzia enzi hizo za NUTA. Alipostaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Watu walipiga makofi, nami nilipiga, kijana alifanya jambo la kiungwana. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza, nusu karne mbele ya kipaza sauti na gari linatoka kwa mwanaye wa kimuziki. Je, aliyekuwa nyuma yake?

Nimepiga pia na hawa wa Bongo Fleva. Wengine ni waimbaji hasa, ukiwapa bendi wanawaka. Mmoja, jina kubwa, watu wake walinipigia simu: njoo na gitaa zuri, vaa nyeusi. Sikupewa nyimbo. Mazoezi hakuna. Nikafika, nikauliza nichomeke wapi. Kijana wa vyombo akanionyesha waya, upande mmoja ukaingia kwenye gitaa langu. Upande wa pili nikaufuata kwa macho... ulikuwa umewekwa vizuri chini ya zulia. Haukwenda popote. Muziki wote ulikuwa kwenye kompyuta, na sauti yake yeye nusu ilikuwa humo humo. Nikapiga dakika arobaini bila kusikika, mbele ya umati ambao sijapata kuuona tena. Nililipwa mara tatu ya posho ya dansi, tena kabla ya kupanda jukwaani.

Mnacheka. Mimi pale nilikuwa napiga kweli! Sikuweza kuigiza, mkono ulikataa. Nilipiga makodi yote, zile sauti za gitaa za kupigwa pamoja, na wimbo wa tatu nilikosea, nikaona haya, nikatazama kushoto kama kuna aliyesikia. Kilichoniuma zaidi ni kisogo cha yule kijana. Hakikuwa na habari. Hakuwa na haja ya kutuma ishara nyuma, maana nyuma hakukuwa na mtu. Akisahau maneno, kompyuta haimsubiri. Nilimwonea huruma, ingawa alikuwa na pesa na mimi nilikuwa na nauli.

Nimalizie na Unguja, kwa sababu huko ndiko nilikofunzwa jambo ambalo dansi halikunipa. Nilialikwa kuongeza gitaa kwenye kundi la taarabu asilia, pale Ngome Kongwe, nyuma ya bibi mmoja mwenye jina lake. Mazoezini wakapiga wimbo wa bayati, moja ya makamu, yaani mipangilio ya sauti za muziki wa Kiarabu. Nikatafuta, nikatafuta, kila nikigusa sauti moja fidla zinanikunjia uso. Wanaojua makamu mmeshacheka. Bayati ukiianzia kwenye sauti ya D, sauti yake ya pili si E, wala si E ya kushushwa, imekaa katikati. Udi unayo, fidla inayo, shingo zao ni laini, kidole kinateleza mpaka kinapotaka. Shingo ya gitaa langu ina freti, vile vyuma vya kukata sauti. Hiyo sauti haimo. Nilitaka kuivuta waya kidogo iingie, kijanja. Mzee wa fidla akainamisha upinde wake wa kupigia, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapo papite. Usipaguse."

Usiku ule nilipiga wimbo mzima nikiliruka shimo hilo. Kila mara tunapolifikia, mkono unasimama, bibi anaingia pale pale na ile sauti ambayo mimi sina. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona mtandio wake na mshipa wa shingo, upande wa kulia, ukitutumka kabla tu ya neno. Watu wakaja kutunza, wakampita kwa foleni. Mmoja, mama wa makamo, alimtunza bibi, kisha akaja mpaka nilipokaa, akaweka noti kwenye kiti changu. Hadi leo sijui alisikia nini.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mtaniuliza nje, chini ya mwembe. Kwanza nipeni ule waya. Nimeufuata mpaka mwisho tangu nilipoingia, umechomekwa. Wewe binti mwenye kitenge, nimekusikia asubuhi ukiimba pale bombani. Njoo, mama. Hapana, usinitazame mimi, watazame wenzio. Nipe kisogo, uanze ukiwa tayari.