Kesi ya Samatta: Vichwa Vitatu, Vipigo Vitatu

MHINA: Wasikilizaji, karibuni. Tunarekodi hapa Ngamiani, Tanga, na leo hatuna mgeni, ni mimi na Da' Mwanaidi tu. Kesi iliyo mezani ni ya Mbwana Samatta, straika wetu wa Tanzania aliyepita Aston Villa ya Uingereza. Kwenye baraza za kahawa hapa mjini bado watu wanakamatana mashati: Uingereza alifeli au hakufeli?

MWANAIDI: Kabla hujatoa hukumu, mgosi, sikiliza mabao matatu. Novemba 2019, Anfield, timu yake Genk ya Ubelgiji na Liverpool, Ligi ya Mabingwa. Inapigwa kona, Samatta anawatangulia mabeki, kichwa, bao. Februari 1, 2020, mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa, ugenini kwa Bournemouth. Kichwa tena. Machi 1, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City. Kichwa cha kujirusha!

MHINA: Na zote tatu timu yake ililala.

MWANAIDI: Zote, tena kwa mbili moja. Miezi minne tu, mtoto wa Tanzania anafunga Anfield na anafunga Wembley, na mara zote anatoka uwanjani ameinamisha kichwa. Straika anaweza kuifanya kazi yake vizuri kabisa na bado alale na kipigo. Hilo watu hawalitazami.

MHINA: Naomba nikupinge kidogo, dada yangu. Villa alicheza mechi 14 za ligi, akafunga bao moja. Namba tisa analipwa afunge.

MWANAIDI: Haya, tuseme yote basi. Aliendaje pale? Siku ya mwaka mpya 2020, Wesley, straika wao, aliumia goti kule Burnley. Villa wako shimoni mwa msimamo, dirisha la Januari, wanataka mtu wa kuziba pengo haraka. Samatta anafika msimu ukiwa katikati, lugha nyingine, kasi nyingine. Machi ligi inasimama kwa sababu ya korona, inarudi Juni viwanja vitupu. Villa wanaponea kushuka daraja siku ya mwisho kwa pointi moja. Septemba wanamnunua Ollie Watkins, Samatta anakwenda Fenerbahçe. Huyo mtu alipewa muda gani wa kuzoeana na wapiga krosi wake?

MHINA: Hapo umenishika. Straika anategemea mguu wa mtu mwingine. Lile la Wembley, Grealish ndiye aliyeanzisha, El Ghazi akaurudisha mpira katikati, Samatta akamalizia.

MWANAIDI: Na ujue kichwa kile kilianza kabla mpira haujapigwa. Winga akiinua macho, wewe uwe umeshaanza mbio. Ukisubiri uone krosi inaelekea wapi, beki amekwishakuwahi. Samatta si mrefu wa kutisha. Anachokijua ni kuwahi, kutoka mgongoni kwa beki na kuibukia mbele yake ndani ya kumi na nane. Ukimwangalia mpira ukiwa mbali naye, anazunguka, anarudi, anakwenda mbio mara kadhaa bila kupewa chochote. Mashabiki wanasema amepotea mchezoni. Hajapotea, anatafuta.

MHINA: Sasa alijifunzia wapi? Maana Simba alikaa msimu mmoja tu.

MWANAIDI: Lubumbashi, Kongo! TP Mazembe walimchukua 2011, ana miaka 18, akakaa mpaka Januari 2016. Mimi miaka ile ndiyo naiheshimu kuliko ile ya Uingereza. Klabu ile hairidhiki na nafasi ya pili, na ukisafiri kwenda Afrika Kaskazini unakutana na mabeki wanaokukanyaga kabla mpira haujafika. Mwaka 2015 wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mbele ya USM Alger ya Algeria, na yeye akafunga mechi zote mbili za fainali. Akamaliza mashindano na mabao saba, kileleni kwa wafungaji pamoja na Bakri Al-Madina wa Sudan.

MHINA: Ndipo akapewa ile tuzo ya mchezaji bora Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

MWANAIDI: Abuja, Januari 2016. Mwezi huohuo akasaini Genk. Na pale Ubelgiji hakulipuka siku ya kwanza. Msimu wa 2018/19 ndio akafunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, akachukua na Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ile. Alikuwa na miaka 26. Hesabu mwenyewe tangu alipotoka Simba.

MHINA: Tena mwaka huohuo wa 2019 akaiongoza Taifa Stars kwenda AFCON, Misri. Miaka 39 tangu Lagos 1980! Na alifunga dhidi ya Kenya.

MWANAIDI: Tukafungwa tatu mbili.

MHINA: Dah! Na lile nalo.

MWANAIDI: Unaona sasa? Kwa hiyo mtu akiniambia Samatta alifeli, namuuliza anapimia nini. Aliendelea Uturuki, akarudi Ubelgiji kwa mkopo, akaenda PAOK akachukua ubingwa wa Ugiriki 2024. Mtu aliyefeli haitwi na klabu za namna hiyo.

MHINA: Turudi nyumbani. Hapa kwetu, uwanja wa Mkwakwani, tumeona mastraika. Wana Coastal Union hawajasahau Abdul Suleiman, Sopu, fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 kule Arusha. Mabao matatu peke yake, mbele ya Yanga!

MWANAIDI: Mechi ikaisha tatu tatu, Yanga wakabeba kombe kwa penalti. Mimi nililia, sifichi. Wagosi wa Kaya, Coastal yetu, hawajauonja ubingwa wa ligi tangu 1988, nikasema angalau kombe hili.

MHINA: Sopu akaenda Azam baadaye. Sasa kijana wa Makorora anayecheza ndondo, mechi za mtaani, leo, anafunga kila wikiendi, unamwambiaje? Aende wapi?

MWANAIDI: Aende atakapocheza. Wakala akija na mkataba, swali la kwanza liwe, mbele yangu kwenye namba yangu wapo wangapi? Mshahara liwe la pili. Straika wa miaka 19 akikaa benchi misimu miwili, ule wepesi wa kuwahi mpira unamtoka, na kuurudisha ni kazi kubwa.

MHINA: Hapo wengine watakupinga, watasema njaa ya nyumbani haisubiri.

MWANAIDI: Ni kweli, na simlaumu mtoto mwenye mama anayemtegemea. Ila makocha wetu wa mtaani nawalaumu. Mazoezi yote ni kupiga mashuti golini, beki hayupo. Waweke mabeki wawili ndani ya kumi na nane, winga apige krosi 50, na kijana ajifunze kuwatoroka wale wawili. Mpira mmoja, koni nne na dakika 30 zinatosha, hata pale viwanja vya Tangamano.

MHINA: Wenye timu za mtaani mmesikia. Tutumieni sauti zenu mtuambie mazoezi ya mastraika kwenu yanakwendaje, tutazipiga kipindi kijacho.