Safu ya Kwanza: Namna ya Kusoma Rekodi za Wanakriketi wa India

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi mbele. Vijana huko nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie wachezaji wa kriketi wa timu ya taifa ya India na rekodi zao. Nadhani aliyeniomba alitegemea nije na orodha: fulani mikimbio kadhaa, fulani wiketi kadhaa, yaani wapigaji aliowatoa. Orodha mnazo kwenye simu zenu. Mimi nina ombi moja tu. Mkifungua ukurasa wa mchezaji, msikimbilie wastani. Anzeni na safu ya kwanza, ile ya idadi ya mechi, kisha mjiulize ni nani aliyeamua idadi iwe ile.

Nianze na mechi inayotuhusu sisi wenyewe. Juni 11, 1975, uwanja wa Headingley, Leeds, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume. India inacheza na Afrika Mashariki, timu moja iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ndiyo, Zambia, jiografia ya kriketi ina mambo yake. Siku hizo kila timu ilipewa ova 60, na ova moja ni mipira sita. Watu wetu walitolewa wote kwa mikimbio 120. Mrushaji wa mpira wa kuzunguka, Bishan Singh Bedi, alimaliza ova zake akaandikiwa hivi: 12–8–6–1.

Isomeni polepole. Ova 12, yaani mipira 72. Nane kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Jumla alifungwa mikimbio 6, akapata wiketi 1. Anayetazama safu ya wiketi peke yake ataona hiyo moja na kupita. Lakini aliyewahi kushika gongo anajua maana ya kurushiwa mipira 72 halafu timu nzima ikaambulia mikimbio sita. Presha ile humfanya mpigaji ajitoe mhanga kwa mrushaji wa upande wa pili, na wiketi ikaandikwa kwa jina la mwingine.

India iliipita hiyo 120 bila kupoteza mtu: Sunil Gavaskar 65, Farokh Engineer 54, wote wawili bila kutolewa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa India katika mechi za kimataifa za siku moja. Kwa hiyo nasi tumo kwenye historia yao, ingawa si upande ambao tungechagua. (Kicheko.)

Sasa rudini nyuma siku nne, Juni 7, uwanja wa Lord's. Uingereza imepiga mikimbio 334. Gavaskar anafungua zamu ya India na kubaki uwanjani hadi ova ya mwisho, amecheza mipira 174, amepata mikimbio 36. India wanashindwa kwa mikimbio 202. Watazamaji walikasirika, na nusu karne baadaye watu bado wanabishana alikuwa anafikiria nini. Lakini wastani wenyewe haukukasirika. Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mikimbio yake kwa mara alizotolewa, si kwa mara alizocheza. Gavaskar hakutolewa. Baada ya mechi mbili alikuwa na mikimbio 101 na hakuna cha kugawanyia. Zamu iliyozamisha timu na zamu iliyoipa ushindi zilikaa kwenye ukurasa wake zikiwa na kialama kilekile cha nyota kinachomaanisha hakutolewa.

Wapo wanaotumia hesabu hiyo kumbeza Mahendra Singh Dhoni. Mechi 350 za siku moja, mikimbio 10,773, wastani 50.57. Alipiga zamu 297, na katika zamu 84 hakutolewa. Ukigawanya kwa zamu zote unapata 36 na ushei, na wabezaji hufurahi hapo. Mimi siko nao. Dhoni aliingia katikati au mwishoni, kazi yake ikiwa kuimaliza mechi. Kutotolewa ndiyo kazi aliyotumwa. Anayetaka kumlinganisha na mpigaji wa kufungua alinganishe kwanza kazi zao.

Halafu kuna habari ya mpinzani. Sachin Tendulkar ana mia 100, yaani zamu alizofikisha mikimbio mia au zaidi, katika mechi za kimataifa: 51 za Testi, zile mechi ndefu za hadi siku tano, na 49 za siku moja. Wapenda takwimu huzichuja: ondoa alizopiga dhidi ya timu dhaifu, tuone zinabaki ngapi. Moja inayochujwa ni 140 bila kutolewa dhidi ya Kenya, Bristol, Mei 23, 1999. Baba yake alikuwa amefariki siku chache kabla. Alisafiri hadi Mumbai kumzika, akakosa mechi ya Zimbabwe ambayo India walipoteza kwa mikimbio 3, kisha akarudi Uingereza na kupiga mikimbio hiyo kwa mipira 101. Alipofika mia aliinua uso juu mbinguni. Na hiyo Kenya inayoitwa dhaifu? Mei 1998 ilikuwa imewafunga India kwa mikimbio 69, tena kwao, Gwalior. Ikawafunga India tena mwaka 2001, safari hiyo huko Afrika Kusini. Siwezi kukubali mtu wa Nairobi au Mombasa aichuje mechi ile bila kuguna.

Kapil Dev nitampitia haraka, ingawa anastahili jioni nzima. Wiketi 434 za Testi, kila wiketi ikigharimu mikimbio 29.64. Richard Hadlee na Imran Khan wa zama zake walikuwa kwenye 22. Lakini nusu ya kazi yake mrushaji huyu wa kasi aliifanya nyumbani, kwenye viwanja vikavu, vya polepole, vilivyotengenezwa kwa ajili ya akina Bedi. Ongeza mikimbio 5,248 ya gongo lake. Na zamu yake maarufu kuliko zote, 175 bila kutolewa dhidi ya Zimbabwe, Tunbridge Wells, 1983, India wakiwa wameshapoteza watu watano kwa mikimbio 17, haina picha ya video. Husemwa kwamba wafanyakazi wa BBC walikuwa kwenye mgomo. Imebaki kadi ya alama na masimulizi ya waliokuwepo.

Sasa turudi kwenye safu ya kwanza. Kati ya Sachin Tendulkar na Vinod Kambli, nani ana wastani mkubwa wa Testi? Kambli: 54.20 kwa 53.78. Alipiga mia nne, zote mwaka 1993, na mbili za mwanzo zilivuka 200 katika mechi zinazofuatana, 224 dhidi ya Uingereza na 227 dhidi ya Zimbabwe. Kisha mtazame safu ya mechi. Tendulkar 200, Kambli 17. Alicheza Testi ya mwisho mwaka 1995 akiwa na miaka 23. Tendulkar aliishi na wastani wake miaka 24, akapita majeraha, vipindi vya ukame na warushaji wa vizazi vitatu. Wastani wa Kambli haukupata nafasi ya kushuka, wala ya kupanda. Wengine wanasema alijiharibia, wengine wanasema alitupwa mapema mno. Ukurasa wake unabeba hoja zote mbili bila shida.

Lakini kama safu ya mechi ina dhuluma, iko kwa wanawake. Mithali Raj aliichezea India tangu 1999 hadi 2022. Mechi za siku moja 232, mikimbio 7,805. Mechi za Testi? Kumi na mbili. Katika Testi yake ya tatu, Taunton, Agosti 2002, akiwa na miaka 19, alipiga 214, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Jhulan Goswami, mrushaji wa kasi mwenye wiketi 255 za siku moja, naye ana Testi 12. Mwaka 2006, uwanja uleule wa Taunton, alichukua wiketi 10 katika mechi moja na India wakawashinda Uingereza. Mwaka huohuo bodi ya kriketi ya India ilichukua usimamizi wa mchezo wa wanawake. Testi iliyofuata ya wanawake wa India ilikuja 2014. Miaka minane! Kisha wakangoja tena hadi 2021. Kwa hiyo mtu akiniambia Goswami ana wiketi 44 tu za Testi, namuuliza: angezichukulia wapi nyingine?

Na yupo ambaye hana hata safu. Februari 1988, Bombay, mashindano ya shule, Tendulkar na Kambli walipiga pamoja mikimbio 664 bila kutenganishwa. Aliyetakiwa kufuata alikaa pembeni amevaa kinga zake za miguu, anangoja zamu isiyokuja. Anaitwa Amol Muzumdar. Baadaye alipiga 260 katika mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza, yaani mechi za siku kadhaa za kiwango cha juu, akamaliza na mikimbio 11,167 na mia 30 katika daraja hilo. India hawakumwita hata mara moja. Wakati wake nafasi za wapigaji wa katikati zilikuwa za Tendulkar, Dravid, Ganguly na Laxman. Novemba 2, 2025, Navi Mumbai, wanawake wa India waliifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52, wakatwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kocha wao mkuu alikuwa Muzumdar.

Maswali sasa. Tuanze na dada yule wa nyuma, mkono wake uko juu tangu nilipomtetea Dhoni.