Timu Inafungwa Kila Siku na Bado Tupo

MWANAIDI: Haya karibuni tena jamani, mi Mwanaidi, niko na kaka yangu Shaban kama kawaida, leo ni besiboli. Ila mabingwa hatuwagusi, mabingwa wana watu wengi wa kuwaongelea. Leo ni zamu ya wale ambao timu yao inafungwa, kesho inarudi uwanjani inafungwa tena, na wao wapo tu.

SHABAN: Asante dada Mwana. Na hebu tuanzie hapohapo kwenye hiyo kila siku, maana mtu wa mpira wa miguu hawezi kuelewa vizuri. Timu yako ya mpira ikifungwa wikiendi, unapata siku kadhaa za kupoa. Ligi Kuu ya Marekani ya besiboli ni mechi 162 kwa miezi sita hivi, karibu kila siku ya Mungu kuna mechi, na sare hakuna, lazima mmoja afungwe. Hata bingwa anafungwa mara sitini na kitu kwa msimu na hakuna anayeshtuka. Sasa wewe ambaye timu yako ni mbovu kweli, aisee, unakula kipigo Jumatatu, Jumanne, Jumatano, hujapona cha jana unaletewa cha leo.

MWANAIDI: Na wewe ni mtu wa Chicago White Sox.

SHABAN: White Sox damu. Na 2024 tulipitia kitu ambacho ligi ya kisasa, yaani kuanzia 1901, ilikuwa haijawahi kuona. Tulishinda 41, tukafungwa 121. Kabla ya hapo rekodi ilikuwa ya New York Mets ya 1962, ile timu mpya ndo kwanza inaanza, walifungwa 120. Sisi tukaivunja, na sisi hatukuwa timu mpya, sisi tuna zaidi ya miaka mia.

MWANAIDI: Kulikuwa na ule mfululizo pia.

SHABAN: Mechi 21. Kuanzia tarehe 10 Julai mpaka tarehe 5 Agosti hatukushinda hata moja, mwezi karibu mzima. Na unajua nini kinatokea kwa shabiki katikati ya kitu kama hicho, mi nilianza kuangalia vitu vidogovidogo ambavyo zamani nilikuwa napitiliza. Mrushaji wetu kijana amempata mpigaji mkali kwa mpira wa kudanganya, wa kuinama mwishoni, basi mi nafurahia hapohapo, tuko nyuma saba bila lakini ule mrusho ulikuwa mzuri na hakuna wa kuufuta. Mtu anayeshinda kila siku anasubiri matokeo. Sisi tulikuwa tunaangalia mchezo.

MWANAIDI: Na mkashinda wapi?

SHABAN: Unajua we. Tarehe 6 Agosti, Oakland, dhidi ya timu yako Oakland Athletics, hao A's, tano moja.

MWANAIDI: Dhidi ya timu yangu, kwenye uwanja wangu, kwenye msimu wake wa mwisho. Tutafika huko. Kwanza mi nataka tuongee Ernie Banks, maana kila nikifikiria uaminifu kwa timu inayofungwa namfikiria yeye na wala hakuwa shabiki, alikuwa mchezaji. Chicago Cubs, misimu 19, kuanzia 1953 mpaka 1971. Alipiga homurani 512, yaani ile mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja. Akawa mchezaji bora wa ligi yake 1958 na 1959, mara mbili mfululizo, na miaka yote miwili timu yake ilifungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Afu hakucheza hata mechi moja ya mtoano maisha yake yote. Hata moja Shaban. Na huyo ndiye aliyekuwa akifika uwanjani anasema siku nzuri hii, leo tucheze mbili.

SHABAN: Na alifariki Januari 2015.

MWANAIDI: Januari 2015, Cubs wakachukua ubingwa Novemba 2016. Baada ya miaka 108. Wa mwisho ulikuwa 1908. Hiyo fainali ni ya mechi saba, wa kwanza kushinda nne ndo bingwa, na walikuwa nyuma tatu moja dhidi ya Cleveland, wakarudi, mechi ya saba ikapita awamu tisa za kawaida ikaenda ya kumi, katikati ikanyesha mvua wakasimama dakika 17, wakaja kushinda nane saba. Sawa, hayo kila mtu anayajua. Kinachonikaa mi ni ukuta. Watu walienda Wrigley Field, uwanja wa nyumbani, wakaanza kuandika kwa chaki kwenye matofali ya nje majina ya baba zao, babu zao, mama zao, wale waliokufa wakisubiri. Majina yakajaa ukuta mpaka watu wakawa wanaleta ngazi waandike juu. Kwa hiyo ukiniuliza ushabiki wa timu inayofungwa ni nini, mi nakwambia mara nyingi ni kitu umerithi. Hukuchagua. Mtu unayempenda alikuwa anaangalia hii timu na wewe ukakaa pembeni yake, ndo basi.

SHABAN: Ndio maana mashabiki maandazi hawawezi kukaa huku, wao walichagua timu kwa kombe.

MWANAIDI: Ila sasa nikuulize kitu kigumu kaka. Uaminifu huu unamfaidisha nani?

SHABAN: Haya, leo umekuja nayo.

MWANAIDI: Nimekuja nayo kweli. Kwenye mpira wa miguu sehemu nyingi duniani timu ikivurunda inashuka daraja, mmiliki anapoteza hela, anapata presha. Besiboli ya Marekani hakuna kushuka daraja. Ukifungwa 121 mwaka huu, mwakani uko ligi ileile, unapata mgao uleule wa hela za televisheni za kitaifa, na thamani ya timu yako inapanda tu. Kwenye mishahara kuna aina ya kodi kwa timu zinazotumia sana, lakini sheria ya kukulazimisha utumie kiasi fulani angalau hakuna. Kwa hiyo mmiliki asiyetaka kutumia anaweza kabisa kukaa hivyo miaka na miaka. Pittsburgh Pirates walikuwa na misimu 20 mfululizo ya kufungwa zaidi ya kushinda, 1993 mpaka 2012. Mtoto alizaliwa, akasoma, akaingia chuo, hajaona msimu mzuri hata mmoja.

SHABAN: Lakini angalia 2013. Wale watu wa Pittsburgh uliowataja, siku ile ya mechi ya mtoano na Cincinnati, uwanja mzima wamevaa nyeusi, wakaanza kuimba jina la mrushaji wa wapinzani, Cueto, Cueto, wanalivuta taratibu. Jamaa akaangusha mpira. Uko mkononi ukamponyoka tu. Mrusho uliofuata, Russell Martin akapiga homurani. Mi nasema ile sauti ilikuwa miaka 20 imejikusanya, huwezi kuipata kwa watu waliokuja jana. Hiyo ndo faida yangu mimi ya kuwepo. Unaniuliza inamfaidisha nani, inanifaidisha mimi.

MWANAIDI: Nakubali. Ila mwenye timu naye alikuwa anauza tiketi miaka yote 20.

SHABAN: Sasa ufanyeje, usiende?

MWANAIDI: Hapo ndo tulipokwama sisi Oakland. Watu walisusa. Bei zinapanda, wachezaji wazuri wanauzwa mmoja baada ya mwingine, uwanja umechoka, watu wakaacha kwenda. Na ikageuzwa kuwa sababu: angalieni, Oakland hawana mashabiki, ngoja tuhamie Las Vegas. Umeelewa mtego? Ukienda, unalipia uzembe. Usipoenda, wanasema hamuipendi timu.

SHABAN: Ndio ikaja ile siku ya Juni.

MWANAIDI: Tarehe 13 Juni 2023, Jumanne ya kawaida kabisa. Timu ni mbovu, msimu ule tulishinda 50 tukafungwa 112. Mashabiki wenyewe wakapanga, wakasema kususa tumesusa, leo tunafanya kinyume, tunajaza uwanja, ili ijulikane watu wapo, tatizo haliko kwetu. Wakachapisha fulana za kijani zimeandikwa neno moja tu, uza. Wakaja 27,759. Wanaimba uza timu mechi nzima, wanapiga ngoma, na timu ileile mbovu ikawafunga Tampa Bay mbili moja, na Tampa Bay walikuwa moto kipindi hicho. Mi nililia. Na siku hiyohiyo kule Nevada seneti yao ikapitisha muswada wa kutoa mpaka dola milioni 380 za umma kujenga uwanja mpya Las Vegas.

SHABAN: Siku hiyohiyo.

MWANAIDI: Siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia sauti ya mashabiki ina nguvu namsikiliza kwa heshima, ila mi nimeona mwisho wake. Mechi ya mwisho pale Coliseum, uwanja wetu, ilikuwa tarehe 26 Septemba 2024, watu 46,889, tukawafunga Texas tatu mbili, afu ikaisha. Miaka 57 ya timu kuwa Oakland, tangu 1968.

SHABAN: Na mi siku hiyohiyo nilikuwa nawaangalia wa kwangu. Unajua wiki ile ilikuwaje? Tulirudi nyumbani Chicago tumeshafungwa 120, yaani moja tu tuvunje rekodi. Watu wakaja uwanjani, wengine wamekuja kushuhudia historia mbaya, na uwanja unaimba uleule wimbo wenu, uza timu, uza timu. Afu vijana wakashinda zote tatu dhidi ya Angels. Sijui nikwelezeje, niliona fahari kabisa. Timu ya kufungwa 120 imekataa kufungwa ya 121 mbele ya watu wake. Tukaenda Detroit siku ya pili yake tukafungwa nne moja, na Detroit usiku uleule wakafuzu mtoano, mara ya kwanza tangu 2014, wao wanamwagiana shampeni.

MWANAIDI: Na hata drafti, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya, haikuwasaidia.

SHABAN: Usiniambie. Watu wanadhani ukifungwa sana unapewa kijana bora wa kwanza. Kuna bahati nasibu ya nafasi sita za juu, na sheria inasema timu zinazochangia kwenye mfuko wa kugawana mapato, hizi za miji mikubwa, haziruhusiwi kuingia nafasi hizo miaka miwili mfululizo. Sisi tulishapata ya tano 2024. Kwa hiyo baada ya msimu mbaya kuliko wote, drafti ya 2025 tukachagua wa kumi. Maumivu yote yale na wa kumi.

MWANAIDI: Ila mlipata Papa.

SHABAN: Tulipata Papa! Mei 2025 Papa Leo wa Kumi na Nne anachaguliwa, mzaliwa wa Chicago, watu wakatafuta picha za zamani wakamkuta uwanjani mechi ya kwanza ya fainali ya 2005, mwaka tuliochukua ubingwa baada ya miaka 88. Nilifurahi siku nzima, na kwenye msimamo bado tulikuwa wa mwisho. 2025 tukamaliza 60 kwa 102, na nawaambia ushindi 19 zaidi ya mwaka uliopita ni mwingi, shabiki wa timu nyingine hawezi kuusikia.

MWANAIDI: Sasa wewe timu yako ipo. Mi watu wananiuliza, bado unawashabikia A's? Maana wanacheza Sacramento kwa muda wakisubiri uwanja wa Las Vegas, hata jina la mji wamelitoa, wanaitwa Athletics tu.

SHABAN: Na unawajibuje?

MWANAIDI: Nawajibu hapana, na nimelifikiria sana. Kufungwa mechi 112 sikuhama. Nilikuwa tayari kufungwa miaka mingine ishirini. Nilichokuwa nashikilia ni watu wa pale, wale wapiga ngoma wa nyuma ya uwanja, na wao hawakuhama. Wako na Oakland Ballers sasa, timu ndogo ya ligi ya Pioneer iliyoanza kucheza 2024 pale Raimondi Park, na mashabiki wenyewe wameuziwa hisa. Na 2025 wakachukua ubingwa wa ligi yao.

SHABAN: Kwa hiyo dada unashabikia timu inayoshinda.

MWANAIDI: Ndio, na nimeshaanza kuzoea! Ila nakwambia wakianza kufungwa nitakuwepo, na safari hii nikiwa na malalamiko najua pa kuyapeleka, wenye timu wako nami jukwaani.

SHABAN: Mi kwa White Sox bado nitaendelea kuwaambia uza, na bado nitaangalia zote 162.

MWANAIDI: Zote?

SHABAN: Zote dada. Haya, tumalizie hapa, wasikilizaji tuandikieni timu yenu ni ipi na nani aliwarithisha, wiki ijayo tunasoma.