Heimdall, Mlinzi Asiyelala: Nipo Gosforth

Haya wapendwa, salamu kutoka Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Upepo huku hauna adabu, kwa hiyo sauti ikikatika mnivumilie. Nipo kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria, kijiji cha Gosforth. Huu nyuma yangu ni msalaba wa jiwe jekundu, kimo chake kama mita 4.4, wa tangu karne ya 10, Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia, walipokuwa wamehamia pande hizi.

Ngoja nisogeze kamera, upande wa magharibi. Mnamwona huyu jamaa? Ameshika fimbo na baragumu, na mbele yake madude mawili yameachama. Wataalamu wengi wanasema ni Heimdall, mungu mlinzi wa Waviking. Ndiyo, huyohuyo mliyemwona kwa sura ya Idris Elba kwenye filamu za Marvel.

Na kelele zilizopigwa mwaka 2011, filamu ya kwanza ilipotoka! Mashairi ya kale ya Iceland yanamwita mweupe kuliko miungu wote, iweje aigizwe na mtu mweusi? Sawa. Lakini masimulizi hayohayo yanasema ana meno ya dhahabu na alizaliwa na mama tisa, ndugu wa damu. Hao mama tisa mbona sikusikia mtu akiwadai?

Kazi yake ni ulinzi. Anakaa Himinbjörg, pale Bifröst, daraja la upinde wa mvua, linapofika mbinguni, ili majitu yasivuke. Snorri Sturluson, aliyeyaandika haya huko Iceland miaka ya 1220, anasema analala kidogo kuliko ndege, usiku na mchana kwake ni sawa, na anasikia nyasi zikiota ardhini na manyoya yakiota kwa kondoo. Tazameni vilima vile, kondoo watupu. Huku angepata kichaa.

Sasa sikilizeni hii. Kuna shairi ambalo Loki, yule mjanja mchochezi wa miungu, anaingia karamuni na kuwatukana miungu, mmoja baada ya mwingine. Huyu mwoga, yule mzinzi. Akifika kwa Heimdall, anakosa la kumsingizia, anaitukana kazi yake: umepangiwa maisha mabaya, mgongo umelowa siku zote, wewe ni wa kukesha tu ukiwalinda miungu. Wabongo wenzangu mnaovaa jaketi za ulinzi huku na kushika shifti za usiku, mnalijua tusi hilo.

Na si kwamba ni mtu wa getini asiye na akili. Nyundo ya Thor, mungu wa radi, ilipoibwa na jitu lililotaka kumwoa Freyja, mungu wa kike, Heimdall ndiye aliyetoa wazo: mvisheni Thor shela, aende yeye kama bibi harusi. Thor akalalamika kwamba atachekwa. Akavaa, akaenda, akarudi na nyundo.

Siku ya Ragnarök, vita vya mwisho wa dunia, Gjallarhorn, baragumu lake, litasikika dunia zote. Halizuii vita, linawaamsha tu miungu wajipange. Kisha yeye na Loki wanapambana na kuuana. Na hebu shukeni macho hapa chini, upande huuhuu: huyu aliyefungwa ni Loki, na mkewe Sigyn anakinga sumu ya nyoka kwa bakuli. Mtukanaji chini, mlinzi juu yake. Mchongaji alijua anachofanya, hilo hamniambii kitu.

Twende upande wa mashariki. Huko yupo Yesu msalabani, jiwe lilelile.