Kurekebisha Usomaji wa Mita kwa Mkono Bila Kuvuruga Hesabu

Ndugu wasikilizaji, mita ikibadilishwa, au grafu ikipanda ghafla bila sababu, wengi hukimbilia kitufe cha kurudisha sifuri. Kiacheni kwanza. Programu ya kusimamia nishati hutunza namba mbili: inayosomeka kwenye mita sasa hivi, na jumla inayojikusanya ndani ya hifadhidata. Ripoti za mwezi hutoka kwenye hiyo ya pili. Basi chukueni nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa chochote.

Tuanze na mita mpya. Fundi aandike usomaji wa mwisho wa mita ya zamani pamoja na saa, kisha usomaji wa kwanza wa mpya, ambao mara nyingi si sifuri kwa sababu mita hujaribiwa kabla ya kufungwa. Tuseme ya zamani imeishia kWh 84,312.6 na mpya inaanzia 3.2. Tofauti, 84,309.4, ndiyo nyongeza ya kuingiza, yaani namba ambayo programu itaijumlisha na usomaji wa mita mpya, na ianze kuhesabiwa saa ileile ya ubadilishaji, si saa mliyokaa kwenye kompyuta. Mita ikifika 15.7, jumla itasoma 84,325.1 na matumizi yatakuwa 12.5. Kama umeme ulipitishwa kando mita ikiwa haipo, kadirieni: mzigo wa kW 18 kwa saa 2 ni kWh 36. Makadirio hayo yakae kwenye mstari wake, yakiwa na alama. Ukiyaficha ndani ya nyongeza, mkaguzi hatayaelewa, na mwakani hata wewe hutayaelewa.

Mita ya tarakimu tano ikitoka 99,998 hadi 00,004 imezunguka tu. Matumizi ni 6. Iambieni programu ukomo wa mita, yatosha.

Fujo kubwa huletwa na sifuri ya uongo. Kifaa cha mawasiliano kikiwashwa upya kinaweza kutuma 0 kabla hakijaisoma mita. Programu hudhani mita imeanza upya, na usomaji halisi ukirudi, kWh 84,312 zote huhesabiwa kuwa zimetumika ndani ya dakika chache. Hapa mita haina kosa, kwa hiyo nyongeza itazaa kosa la pili. Sahihisheni jumla ya kipindi kile kimoja tu. Kwenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, hilo hufanyika katika ukurasa wa takwimu, ndani ya zana za wasanidi. Kisha wekeni kichujio kinachokataa 0, ila mkizime siku ya kufunga mita mpya, maana siku hiyo sifuri inaweza kuwa ya kweli.

Transfoma za mkondo hupunguza mkondo mkubwa ili mita iweze kuupima, kisha usomaji huzidishwa kurudisha thamani halisi. Za 200/5 zina kizidisho 40. Zikiwekwa za 400/5 kinakuwa 80. Kizidisho kipya kipewe tarehe ya kuanza, la sivyo programu nyingine zitazidisha historia yote maradufu. Angalieni pia kama nyongeza huingia kabla ya kuzidisha au baada yake: kwenye nakala ya majaribio, ingizeni 1, jumla ikipanda 40, inaingia kabla.

Mkishahifadhi, linganisheni programu na kioo cha mita leo, kisha tena baada ya siku mbili. Tofauti isiyobadilika inatokana na nyongeza. Inayokua inatokana na kizidisho. Matumizi kwenye programu yakiwa mara 1,000 ya yale ya mita, kuna mahali Wh zimesomwa kama kWh.