Ufa Usiozibwa: Warsha ya Sanaa kwa Watu wa Huku na Kule

ZUHURA: Karibuni. Leo tunazungumzia warsha za sanaa kwa watu wa huku na kule: waliohama utotoni, wenye wazazi wa lugha mbili, wanaohesabu kwa lugha hii na kuota kwa ile. Kaka Baraka, unaanza na zoezi gani?

BARAKA: La ufa. Kila mshiriki anapewa karatasi ya A3, anailaza, anachora mistari miwili ya penseli katikati, iachane vidole vinne. Nafasi hiyo ndiyo ufa. Na vipande viwili vya A5, kimoja kwa kila upande wake wa maisha.

ZUHURA: Wahenga si walisema usipoziba ufa...

BARAKA: Huu hauzibwi, dada. Ndio unaoshughulikiwa kwanza, dakika 15, A5 zikiwa bado mezani. Ukiruhusu waanze pembeni, watapamba kushoto weee, wahamie kulia, muda uishe. Katikati peupe. Mtu anaitazama, anajiona hana kitu.

ZUHURA: Na "wewe ni nani?" isiulizwe. Inafunga watu midomo.

BARAKA: Kabisa. Uliza neno la nyumbani ambalo nje halieleweki. Au jina: liandike mara tatu, kama linavyotamkwa na watu watatu tofauti.

ZUHURA: La jina nalipenda. Tahajia inabadilika, ukubwa wa herufi nao unabadilika. Jina la shuleni likijibanza konani kwa herufi za sisimizi, utaliona tu.

BARAKA: Utaliona, lakini usimsomee! Kikundi kisigeuke wapiga ramli: "Hicho cheusi ni huzuni yako." Kanuni yetu, anayesema aanze na "naona". "Naona rangi nyeusi karibu na jina la pili." Basi. Maana anaijua mwenye picha. Akisema "napita", amepita, haulizwi sababu.

ZUHURA: Watu wangapi?

BARAKA: 8 hadi 12, saa mbili na nusu. Wazungumze wawili wawili kwanza, kisha duara, dakika 3 kila mmoja.

ZUHURA: Kuna yule aliye peke yake wa asili yake. Wanamgeuza balozi: "Kwenu mnafanyaje?"

BARAKA: Mwezeshaji akate palepale. Kila mtu anajisemea mwenyewe. Kosa jingine limejificha zaidi. Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtafiti wa mila, aligawa mila za mpito, kama jando na harusi, katika hatua tatu: kutengana, kizingiti (yaani katikati, si huku si kule), kupokelewa. Wawezeshaji huipanga warsha hivyohivyo, kana kwamba lazima kila mtu avuke. Wapo wanaoishi kizingitini, na wametandika mkeka.

ZUHURA: Na zile A5?

BARAKA: Mwishoni, kwa hiari. Mmoja atazibandika pembeni, mwingine atazipandisha juu ya ufa, mwingine ataondoka nazo mfukoni. Gundi iwe ya kijiti, maana ya maji inakunjamanisha karatasi na kuuchujisha wino wa kalamu za rangi.