Kalamu Moja, Miezi Mitatu

Vijana wa ufundi wa ndege, karibuni. Najua mmeshanisikia nikiyasema haya ya kumbukumbu za injini, na wengine hapo nyuma wameanza kucheka kimoyomoyo. Vumilieni.

Niliwahi kufungua kitabu cha kumbukumbu za injini ya Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, katika hanga moja, karakana ya ndege, hapahapa Uganda. Kumbukumbu za miezi mitatu, kurasa safi kama daftari la michango ya harusi. Wino mmoja, mwandiko mmoja. Kalamu ilianza kufifia kwenye kurasa za Machi, ikaendelea kufifia polepole hadi za Mei. Nani kati yenu amewahi kumwaga oili ya injini akabaki na vidole visafi hivyo? Ukurasa wa kweli una alama ya dole gumba! Nikamwita fundi: "Haya uliyaandika lini?" Akatazama viatu vyake. "Jana usiku, ssebo," yaani bwana. "Mkaguzi anakuja."

Mtaniambia: mzee, lakini kazi si ilifanyika? Huenda. Ila ndege ilitua mara ngapi, fundi hakukumbuka. Ndege ikakaa chini siku kumi na moja, tukichambua karatasi za marubani safari kwa safari.

Kwa nini kusumbuka hivyo? Kwa sababu umri wa diski ya turbini, lile gurudumu la chuma linalozunguka ndani ya injini, hauhesabiwi kwa saa peke yake. Unahesabiwa kwa mizunguko: kuwasha, kuruka, kutua, kuzima. Caravan mbili zina saa 1,000 kila moja. Ya kwanza huenda mbali, ya pili inarukaruka Entebbe, Kasese, Kihihi, Pakuba, ikipasha moto na kupoa kutwa nzima. Saa zimelingana, uchovu haukulingana. Na chuma hakioti mvi, jamani. Diski iliyobakiza mizunguko kumi kabla ya kutolewa kazini ukiiweka mezani karibu na mpya, zote zinang'aa. Umri wake uko kwenye karatasi. Karatasi ikipotea, una kipande cha chuma chakavu, hata unionyeshe risiti.

Na usinitajie kompyuta. Kompyuta huandika ulichoiambia. Na cheti nacho hudanganya: mwaka 2023 huko Ulaya vilikutwa vipuri vya CFM56, injini za ndege kubwa za abiria, vyenye vyeti vizuri kabisa. Mtengenezaji alipoulizwa, akasema cheti hiki si changu. Cheti kilighushiwa. Kwa hiyo kipuri kikifika, soma namba kwenye chuma, soma namba kwenye cheti, ukitilia shaka piga simu.

Nilitaka kugusia pia toki renchi, spana za kupimia nguvu ya kukaza, zilizopitwa na tarehe ya kupimwa, lakini naona chai imeingia. Wewe mwenye shati la bluu, hiyo unayoandikia ni penseli. Irudishe mfukoni.